Dundu Mpiga Mizinga: Rafiki Aliye Chini ya Jiwe



Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za mdudu mmoja mdogo, ambaye wengi wenu mmemwona, wachache mmemtazama vema, na walio wengi wamemwua pasipo kujua wamemwulia nini. Twamwita dundu mpiga mizinga. Jina hilo hatukulitunga sisi. Watu wa Ulaya ndio waliompa tangu zamani kwa sababu ya mlio anaoutoa, nasi tumelifasiri tu kwa kuwa lamfaa. Lakini kabla ya kueleza mizinga hiyo ni ya namna gani, yafaa tuseme kwanza jinsi tulivyopata kumfikiria.

Siku moja tulifika katika bustani ya mzee mmoja, kando ya mto, mahali penye udongo mweusi usiokauka upesi. Mzee yule alikuwa amepanda kabichi na nyanya katika vitalu, na usiku wa jana yake miche mingi ilikuwa imeanguka, mingine imekatwa mizizi, mingine imelala chini kama iliyopitiwa na mkasi.

Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni mwuone msiba wangu. Na wezi wenyewe nitawaonyesha sasa hivi."

Akafunua ubao uliokuwa umelazwa kando ya kitalu. Chini yake walikuwako madundu saba au wanane, wa rangi ya chungwa na nyeusi, nao walipoona mwanga wakatimka huku na huku kwa mbio. Mzee alikuwa na birika la maji ya moto tayari mkononi. Mmoja wetu, akitaka kumwona mdudu vizuri kabla hajafa, akainama akamshika mmoja kwa vidole. Papo hapo tukasikia mlio, tu! kama fataki ndogo, tukaona moshi mwembamba, na mwenzetu akamtupa yule dundu huku akipuliza vidole vyake. Vilikuwa vimeungua kidogo, tena vilikuwa na doa la rangi ya kahawia ambalo sabuni haikuliondoa kwa siku kadha.

Mzee akacheka sana. "Sikuwaambia ni mwizi? Mwizi asiye na silaha nani amemwona?"

Tukamwuliza, "Mzee, umepata kumwona kwa macho yako akila mche?"

Akafikiri kidogo, akasema, "La, sijamwona. Lakini kila nimkutapo ndipo penye hasara."

"Naam, mzee. Na askari naye hukutwa wapi, ila penye wezi?"

Basi, hilo ndilo neno ambalo twataka kulieleza jioni hii. Tutarudi kwa mzee wetu mwishoni. Kwanza na tumjue dundu huyu kwa sura na tabia, maana hukumu isiyotanguliwa na ushahidi si hukumu.

Dundu mpiga mizinga ni wa jamaa kubwa ya madundu wa ardhini, jamaa ambayo wataalamu wamekwisha kuandika aina zake kiasi cha 40,000 duniani. Walio wengi katika hao ni wawindaji wa usiku. Mchana hujificha chini ya mawe, magogo na majani makavu, na jua likichwa hutoka kutafuta wadudu wengine, mayai yao na mabuu yao. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki wako wa aina nyingi, na mmoja katika wapiga mizinga, ambaye wataalamu humwita Stenaptinus insignis, amepata sifa duniani kote kwa kuwa alichukuliwa kutoka Kenya akachunguzwa sana katika nchi za ng'ambo. Tutawasimulia habari zake punde.

Mtamtambuaje? Alama zake ni hizi. Urefu wake ni kiasi cha robo tatu ya inchi. Rangi zake ni mbili, manjano iliyokolea hata kukaribia chungwa, pamoja na nyeusi. Miguu yake ni mirefu na myembamba, nayo ni miguu ya mkimbiaji, si ya mchimbaji. Vipapasio vyake ni kama nyuzi, havina kirungu mwishoni. Taya zake zimeelekea mbele kama koleo, kwa sababu yeye ni mla nyama. Mgongoni ana mbawa mbili ngumu zilizofunika mwili kama kifuniko cha sanduku, zenye mifereji myembamba iliyonyoka kutoka mbele hata nyuma. Na hapa ndipo penye alama kubwa kuliko zote: kifuniko hicho ni kifupi kidogo. Kimekatwa mraba nyuma, hata ncha ya tumbo imetokeza nje. Shona kanzu ambayo haikufika kifundoni, nawe umepata mfano wake. Wala ufupi huo si upungufu. Ni tundu la mzinga, kama mtakavyosikia.

Sasa twawaomba mtusikilize vizuri, kwa kuwa wako wadudu wengine wawili wenye rangi zinazokaribiana na zake, na mtu akiwachanganya anaweza kuumia, au anaweza kumwua rafiki na kumwacha adui.

Wa kwanza ni yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, ambaye jina la mji wa Nairobi limemshika. Huyo ni mdogo sana, urefu wake ni theluthi ya inchi au pungufu. Mbawa zake za juu ni fupi mno, za rangi ya buluu au kijani yenye kung'aa, na sehemu kubwa ya tumbo lake imebaki wazi. Mara nyingi hulikunja tumbo hilo kwenda juu anapotembea. Huonekana kwa wingi baada ya mvua kubwa, kama ilivyokuwa Kenya wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na usiku hufuata taa hata ndani ya nyumba. Yeye haumi wala hapigi mizinga. Lakini sumu i ndani ya mwili wake, na mtu akimponda juu ya ngozi sumu hiyo humwagika. Siku hiyo hasikii neno. Kesho yake ngozi huwa nyekundu na kufanya malengelenge, na mkono wenye sumu ukigusa jicho, jicho huvimba. Dawa kubwa ni kutomponda. Ukimwona mwilini mpulize aende zake, kisha osha mahali pale kwa maji na sabuni. Naye pia, mabibi na mabwana, ni mla wadudu waharibifu. Ubaya wake ni kwa yule ampondaye.

Wa pili ni dundu wa malengelenge, yule wa mistari mipana myeusi na ya manjano, au myeusi na myekundu, ambaye hukaa juu ya maua mchana kweupe. Mmemwona katika maharagwe, kunde, mbaazi na bamia. Hana haraka, huruka polepole, na mbawa zake za juu si ngumu bali ni laini kama ngozi. Shingo yake imebanwa, na kichwa chake kimeinama chini. Huyo ndiye mla maua, na ua lililoliwa halizai. Katika damu yake mna sumu kali, hata mnyama akila majani yenye madundu hao anaweza kufa. Basi mtu akitaka kuwaokota asiwaokote kwa mkono mtupu, na watoto wafundishwe wasiwachezee. Hata hivyo Mungu hakumwumba adui kamili. Mabuu wa wengi katika madundu hao huishi kwa kula mayai ya panzi ardhini. Ndiyo maana twasema mambo ya shamba hayataki haraka.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii fupi. Mwenye rangi hizo akiwa juu ya ua mchana, ni mla maua. Akiwa mwembamba kama kijiti na tumbo lake li wazi, usimponde. Akiwa chini ya jiwe, ana mbio, ana mifereji mgongoni na kifuniko kilichokatwa mraba, huyo ndiye mpiga mizinga, na mwacheni aendelee na kazi yake.

Sasa tuje kwenye mizinga yenyewe, maana hilo ni jambo la ajabu hata kwa watu waliozoea mitambo.

Wazee wetu waliotumia gobore watatuelewa upesi. Mwenye gobore hubeba baruti katika pembe na fataki katika kifuko. Maadamu vitu hivyo viwili vimetengana, hapana hatari. Aweza kulala navyo chini ya kitanda. Vikutanishwe mahali pamoja, ndipo mlio utokapo. Basi dundu huyu ndivyo alivyo. Katika ncha ya tumbo lake ana mitambo miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, na kila mmoja una vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni ghala. Ndani yake mna maji yaliyochanganyika na dawa mbili, moja yaitwa haidrokwinoni na ya pili haidrojeni peroksaidi. Dawa hizo zikiwa pamoja katika ghala hazifanyi neno. Chumba cha pili ni kidogo, kuta zake ni nene na ngumu, na ndani yake mna kitu mfano wa chachu, ambacho wataalamu hukiita kimeng'enya. Kati ya vyumba hivyo viwili pana mlango.

Adui akimgusa, dundu hubana misuli ya ghala. Maji yale husukumwa kupita mlangoni na kukutana na chachu. Mara moja peroksaidi huvunjika ikawa maji na hewa ya oksijeni, na haidrokwinoni hugeuka kuwa dawa nyingine iitwayo kwinoni, ambayo ni kali, yenye kuwasha, na ndiyo iliyotia doa vidole vya mwenzetu. Joto litokalo katika mageuzi hayo lafika digrii 100 za Sentigredi, ndilo joto la maji yachemkayo. Hewa hutanuka kwa nguvu, haina pa kupita ila tundu la nje, nayo hutoka pamoja na maji ya moto kwa kishindo. Hiyo ndiyo "tu!" tuliyoisikia, na ule moshi ni mvuke.

Mtaalamu wa Kijerumani jina lake Hermann Schildknecht ndiye aliyefumbua habari za dawa hizo katika miaka ya 1960 na kitu. Mwaka 1969 wataalamu wa Marekani, akiwamo Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell, walipima lile joto wakathibitisha kwamba hufika kiasi hicho tulichotaja.

Labda mtauliza: je, mtu awezaje kuchemsha maji tumboni asiungue mwenyewe? Swali hilo waliliuliza hata wataalamu. Jibu lilitolewa mwaka 1990, na dundu aliyewafundisha alikuwa yule Stenaptinus wa Kenya. Waligundua kwamba mzinga wake hautoki kama maji ya bomba, mfululizo, bali hutoka kwa mapigo, kiasi cha mapigo 500 katika sekunde moja. Kila pigo linapolipuka, nguvu yake huufunga mlango wa ghala. Likiisha kutoka, mlango hufunguka, maji mengine ya baridi huingia, nayo hulipuka. Hivyo kuta za chumba hazipati joto mfululizo, na moto haurudi nyuma ghalani. Wataalamu wale walilinganisha mtambo huo na mabomu yenye mbawa ambayo Wajerumani waliyarusha kwenda London mwaka 1944, ambayo nayo yaliendeshwa kwa mapigo ya moto yenye kufuatana. Mwanadamu aliona amebuni jambo jipya, kumbe lilikuwa chini ya jiwe siku zote.

Na shabaha yake je? Mwaka 1999 Eisner na mwenzake Daniel Aneshansley walieleza jinsi walivyowapiga picha madundu wa aina hiyo hiyo. Walimgandisha dundu kwa nta mgongoni ili asikimbie, kisha wakambana mguu mmoja kwa koleo ndogo, kama mdudu sisimizi aumavyo. Kila mguu uliobanwa, mzinga uliuelekea mguu ule ule. Wa mbele, wa nyuma, wa kulia, wa kushoto. Ncha ya tumbo hugeuka kama mzinga wa manowari juu ya kiti chake. Hata akitaka kupiga mbele kupitia juu ya mgongo wake mwenyewe, ana vibao viwili vidogo nyuma ambavyo hupindisha maji yale yakaenda atakako. Na ghala yake haiishi kwa pigo moja. Aweza kupiga mara ishirini na zaidi kabla hajamaliza baruti.

Mtu atasema, silaha yote hiyo ya nini kwa mdudu mdogo? Jibu ni kwamba dundu huyu hafumbui mbawa zake upesi. Nzi akiguswa huruka mara moja, lakini dundu mwenye kifuniko kigumu lazima kwanza akifungue, kisha akunjue mbawa za chini, na katika muda huo sisimizi wamekwisha kumshika miguu yote. Aliyechelewa kukimbia hana budi kujua kupigana. Na rangi zake kali ni tangazo. Chura au ndege aliyeonja mara moja akaungua, akiona tena manjano na nyeusi hukumbuka.

Habari za chura ni za kuchekesha kidogo, tena ni za kweli. Wataalamu wawili wa Japani, Shinji Sugiura na Takuya Sato, walieleza mwaka 2018 jinsi walivyowapa vyura madundu wa jamaa hii wa nchi yao. Vyura wakawameza bila shida. Kisha mlio ukasikika ndani ya tumbo la chura. Katika kila vyura 100, kama 43 walilazimika kumtapika dundu, wengine baada ya dakika 12, wengine baada ya dakika 107, na madundu waliotapikwa walikuwa hai. Lakini madundu waliomalizishwa baruti yao kabla ya kumezwa karibu wote waliangamia. Basi mzinga ule ndio uhai wake.

Hata mtu mkubwa amepata kuadhibiwa na jamaa hii ya madundu wa ardhini. Charles Darwin, alipokuwa kijana mwanafunzi huko Cambridge, alikuwa na dundu mmoja katika kila mkono, akamwona wa tatu ambaye hakutaka kumkosa. Akamtia mmoja kinywani ili apate mkono mtupu. Dundu yule akamwagia maji makali ulimini, Darwin akamtema, na yule wa tatu akampotea. Twawaambia vijana wanaotusikiliza: elimu ni jambo jema, lakini kinywa si kikapu.

Yuko pia binamu yake mkubwa katika nchi zetu kavu, dundu mweusi mwenye madoa meupe au ya manjano, ambaye wataalamu humwita Anthia. Huyo hachemshi maji, bali hurusha tindikali kama ile ya sisimizi, nayo ikiingia jichoni huuma vibaya. Kule Kalahari yuko mjusi ambaye mtoto wake ni mweusi mwenye alama nyeupe, naye hutembea amepinda mgongo, amekaza miguu, mfano wa dundu yule. Wataalamu Raymond Huey na Eric Pianka waliandika habari hizo mwaka 1977. Mjusi huyo akikua, huacha mwendo ule na kuvaa rangi ya mchanga kama wazazi wake. Mtoto asiye na silaha ameazima sura ya mwenye silaha mpaka apate nguvu zake.

Lakini turudi shambani, maana mkulima hatashiba kwa ajabu. Dundu mpiga mizinga amfaa nini?

Yeye mwenyewe akiwa mzima hula wadudu wengine na mizoga ya wadudu. Lakini kazi yake kubwa huenda ikawa ile aifanyayo utotoni. Katika Japani na katika Amerika wataalamu wamewachunguza madundu wa jamaa hii ya karibu, nao wameona kwamba buu wake huishi kwa kula mayai ya chenene. Chenene mwamjua, ni yule mdudu wa kahawia, mwenye miguu ya mbele iliyopanuka kama majembe, ambaye huchimba njia chini ya udongo wa majimaji, na usiku huimba katika shimo lake. Hukata mizizi na mashina ya miche michanga. Chenene jike hufanya chumba chini ya ardhi na kutaga mayai yake humo. Dundu huyu naye hutaga mayai yake kwenye udongo ule ule. Buu wake akianguliwa ni mdogo sana, ana miguu na mbio. Kazi yake ya kwanza duniani ni kukitafuta chumba kile. Akikikosa, hufa. Akikipata, huingia, hula mayai moja baada ya jingine, hunenepa, miguu yake hupoteza kazi, na hatoki tena mpaka amekwisha kuwa dundu. Kila mmoja amwonaye mkulima chini ya ubao huenda akawa ushahidi kwamba kiko chumba cha mayai kilichovunjwa. Huko Florida, mahali ambapo chenene wa kigeni waliingia wakaharibu malisho na bustani, wataalamu walimchunguza mpiga mizinga wa Amerika ya Kusini kwa sababu hiyo hiyo.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya kwa sifa zisizo na mpaka. Dundu huyu si mtumishi wa kuandikwa kazi. Haulizi mdudu aliye mbele yake ni adui wa mkulima au siye, hula ampataye. Hawezi kumaliza chenene wote, maana angewamaliza, naye angekufa kwa njaa. Anachofanya ni kuwapunguza, mwaka kwa mwaka, bila ujira. Lakini mkulima akimwaga sumu juu ya kila kitu kitambaacho, mara nyingi sumu hiyo huwaua walinzi pamoja na wezi. Na wezi, kwa kuwa huzaa haraka zaidi, hurudi kwanza.

Basi twawapa mashauri machache, nayo hayana gharama. Kando ya bustani, na hasa upande wa mto, acheni ukanda mwembamba wa majani usiolimwa, na mawe au magogo mawili matatu yasiyofunuliwa ovyo. Hayo ni maskani ya walinzi wenu. Mkifunua jiwe mkawaona, lirudisheni polepole. Msiwashike kwa vidole, na watoto msiwaruhusu kuwakaribia kwa uso, maana ngozi hupona upesi, lakini jicho ni kitu kingine. Likiingia jichoni tone la maji yake, osheni kwa maji safi mengi, na maumivu yakizidi nendeni kwa mganga wa hospitali. Na mche ukikatwa, kabla ya kuhukumu, chimbeni. Fuateni njia ya aliyeukata mpaka mwisho wake.

Hayo ndiyo tuliyoyafanya siku ile kwa mzee wetu. Tulimwomba jembe, tukachimba taratibu penye mche ulioanguka. Chini ya udongo, kina cha kidole, palikuwa na njia ndogo yenye ukubwa wa kalamu, nayo ilikwenda kutoka mche hata mche, kwa mpango, kama mwenye nyumba apitavyo chumba kwa chumba. Tukaifuata. Mwisho wake tukamkuta chenene, mnene, miguu yake ya mbele imejaa udongo.

Mzee akamtazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akalitazama birika lake. Akatuuliza, "Nimewaua wangapi, wanangu, tangu mvua kuanza?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Akaumwaga ule moto njiani, mbali na kitalu, akainama akaulaza ubao mahali pake, kwa mikono miwili, kama amfunikaye mtoto aliyelala.

Wasikilizaji wetu, katika bustani zenu ziko mbao nyingi na mawe mengi, na chini yake wako wengi ambao hatujapata kuwauliza kazi yao. Kesho asubuhi funueni moja, mtazame, kisha mrudishe. Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo jioni hii. Kwaherini, na Mungu awape usiku mwema.